Kukusanya Santuri: Mali bila Daftari

Wenzangu bwenini huniuliza kila muhula, "Mbona wakusanya sahani kuukuu, na nyimbo zote zimo ndani ya simu?" Swali hilo ni jema, wala halina dharau ndani yake. Nimeonelea nilijibu mara moja katika gazeti letu hili, ili kila aulizaye nimwelekeze ukurasa, nami nipate nafasi ya kufanya hesabu zangu za jioni.

Jibu langu la kwanza ni fupi: si kweli kwamba nyimbo zote zimo ndani ya simu. Zimo zile tu ambazo mtu fulani, mahali fulani, aliitunza sahani yake mpaka ikapatikana ya kunakili. Zile ambazo sahani yake ya mwisho ilivunjika hazimo ndani ya simu wala ndani ya kitu chochote. Jibu la pili ni refu kidogo, nalo ndilo nitakaloandika hapa.

Kwetu ni Bulwa, katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza na karibu na Amani. Asiyepajua afikiri mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari, msitu mkubwa nyuma yake, na ukungu unaoshuka bila kupiga hodi. Mvua yetu hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Watu wa makabila mengi walikuja kuchuma chai huko, na kila mmoja alikuja na nyimbo zake. Mwisho wa mwezi, mshahara ulipotolewa, wengine walinunua bati, wengine baiskeli, na wengine walishuka Muheza au Tanga wakarudi na santuri zimefungwa ndani ya kanga zisije zikavunjika njiani.

Santuri ilikuja Afrika ya Mashariki mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, kutiwa sauti katika sahani, na sahani hizo zikauzwa pwani yote. Hizo zilikuwa zile nzito za zamani, zizungukazo mara 78 kwa dakika, ambazo ndani yake mna utomvu wa mdudu wa Bara Hindi uitwao shelaki. Gramafoni yake ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa, haikutaka umeme wala betri, kwa hiyo ilifaa milimani kama ilivyofaa mjini. Lakini sahani yenyewe ikianguka sakafuni, basi, ni vigae. Mwaka 1949 huko Marekani zikatokea sahani ndogo za plastiki za mizunguko 45 kwa dakika. Hizo hazivunjiki upesi, na gramafoni ya betri yaweza kuzipiga. Nyingi nilizoziona Bulwa ni za namna hii.

Katika likizo tatu nimepita nyumba kwa nyumba, nikapata kuona santuri 41. Hali zake zilitofautiana. Baadhi zilikuwa zimewekwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na vyeti vya ubatizo. Moja ilikuwa kifuniko cha mtungi. Nyingine ilitundikwa kwa uzi shambani, iwe inameta juani na kufukuza ndege. Nilipoiomba, mwenyewe alinijibu kuwa niilete kwanza nyingine, maana ndege hawangojei. Nikampelekea kipande cha bati, naye akanipa santuri yake.

Yafaa sasa nieleze santuri yafanyaje kazi, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa baada yake. Juu ya uso wa sahani pana mfereji mmoja mwembamba sana, uanzao ukingoni na kuzunguka mpaka karibu na kati. Kuta za mfereji huo si laini. Zina mawimbi madogo madogo, na mawimbi hayo ndiyo sauti iliyogandishwa. Sindano ipitapo hutikiswa nayo, na mtikiso huo ukikuzwa twasikia gitaa, ngoma na koo la mwimbaji. Mwenye macho makali aweza hata kuona kwa jicho mahali palipo na kishindo na mahali palipo kimya, kwa kuwa mfereji hubadili sura.

Sahani ndogo ya mizunguko 45 yachukua dakika tatu au nne tu kila upande. Wanamuziki wetu hawakuridhika na dakika tatu. Kwa hiyo wimbo mmoja uligawanywa: upande mmoja Sehemu ya Kwanza, upande wa pili Sehemu ya Pili. Katika Sehemu ya Kwanza mwimbaji atoa habari yake, ya mapenzi, ya pesa au ya msiba. Katika Sehemu ya Pili waimbaji huwapisha wapigaji. Magitaa yaanza kujibizana, ngoma huongeza mwendo, na watu waliokuwa wamekaa huinuka. Wenye dansi wa Tanzania waliiita sehemu hiyo chemko, na jina lake lajieleza. Mzee mmoja wa kwetu aliniambia kuwa katika santuri zake upande wa pili ndio uliochakaa zaidi. Niliziangalia kwenye jua nikaona ni kweli: upande wa kwanza wang'aa, upande wa pili umekuwa kijivu kwa kupitiwa na sindano.

Jambo hilo lilinifurahisha sana nilipokuja kusoma habari za Marekani, maana nilikuta kiu ile ile. James Brown, mwimbaji mkuu wa muziki wa soul na fanki, naye nyimbo zake ndefu zilikatwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili katika sahani ndogo. Na katika fanki, kama ilivyo katika dansi letu, pana mahali ambapo kila mtu hunyamaza akaachiwa mpiga ngoma.

Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, mjini New York, binti aitwaye Cindy Campbell alifanya dansi katika jengo nambari 1520 la barabara ya Sedgwick, ili apate fedha ya kununua nguo za kwendea shule. Aliyepiga santuri ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika, ajulikanaye kwa jina la DJ Kool Herc. Kijana huyo alikuwa akiwaangalia wachezaji, akatambua kuwa wote wangojea pale ngoma zinapobaki peke yake, napo ni pafupi mno. Basi alichukua sahani mbili za wimbo ule ule, akaziweka katika gramafoni mbili. Ngoma zilipokwisha katika moja, alizianzisha katika ya pili, na kurudi tena, hata dakika moja ikawa dakika tano. Juu ya ngoma hizo watu wakaanza kusema maneno yenye vina. Hiyo ndiyo asili ya hip-hop. Mwaka 1979 kundi la Sugarhill Gang likauza sahani ya maneno ya namna hiyo duniani kote. Msingi wa muziki huo haukuwa chombo kipya, ulikuwa santuri kuukuu za watu wengine, zilizosikilizwa kwa makini.

Humu nchini mambo yalikwenda kwa njia yake. Muziki wa soul ulipendwa na vijana wa Dar es Salaam, hata mnamo Novemba 1969 wakuu wakaupiga marufuku madansini, wakiona kuwa wawapotosha vijana na utamaduni wa taifa. Mwezi huo huo, katika mji wa Cincinnati, James Brown na wenzake walikuwa wakitia katika utepe wimbo uitwao "Funky Drummer". Santuri moja ya James Brown niliikuta kwetu Bulwa, ule wimbo wake wa mwaka 1968 wa kuwahimiza watu weusi wajivunie weusi wao. Mwenyewe, ambaye namwita babu kwa heshima, aliinunua ujanani. Nilimuuliza, "Babu, hukuogopa?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, ukungu wa Bulwa hauoni, wala hausikii."

Lakini santuri nyingi za kwetu si za Marekani. Ni za hapa. Tanga ilikuwa na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vyama vya taarab vya Black Star na Lucky Star, ambako sauti ya Shakila binti Said ilijulikana. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipiga katika Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na kisha Kenya, walikoanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodiwa katika utepe na Radio Tanzania, lakini mwenye kutaka sahani ilimpasa kuitazamia Kenya. Ndipo mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, usifunguliwe tena hata mwaka 1983. Baadaye zikaja kaseti. Vijana wa Tanzania walipoanza hip-hop yao, Saleh J akitoa maneno yake ya Kiswahili mwaka 1991 na kundi la Kwanza Unit likiundwa mwaka 1993, wakati wa santuri ulikuwa umekwisha pita. Kwa hiyo mwenye kutafuta hip-hop yetu ya kwanza asitafute sahani, atafute kaseti. Na aharakishe, maana utepe wa kaseti hufa upesi kuliko sahani.

Hapa nafika kwenye kiini cha habari yangu. Katikati ya kila santuri pana karatasi ya duara iliyoandikwa jina la wimbo, la bendi na la mtengenezaji. DJ Kool Herc, kama walivyokuwa wakifanya wapiga santuri wa Jamaika, alikuwa akizilowesha sahani zake majini na kuzibandua karatasi hizo, ili wapinzani wake wasijue ni wimbo gani wakaenda kuununua. Ilikuwa hila ya biashara. Huku Bulwa hatuna haja ya hila: unyevu, mende na mchwa wabandua karatasi bila malipo. Katika zile santuri 41, tisa hazina jina lolote.

Na hata pale karatasi ilipo nzima, haisemi yote. Mpiga ngoma wa "Funky Drummer" ni Clyde Stubblefield. Ngoma alizopiga kwa sekunde chache katika wimbo huo zimetiwa katika nyimbo za hip-hop zaidi ya elfu moja. Lakini jina lake halikuandikwa miongoni mwa watungaji, na kwa hiyo hakuwa na haki ya fungu la mtungaji mpaka alipofariki mwaka 2017. Ulimwengu mzima ulicheza kwa mikono yake, na wengi hawakumjua. Kama hayo yaweza kumpata mtu wa bendi mashuhuri ya Marekani, ni vipi kwa mpiga manyanga wa bendi ya Tanga?

Wazee wetu walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikifikiri methali hiyo ni ya wenye maduka. Likizo ya mwaka uliopita niliona kuwa ni ya wakusanyaji santuri pia.

Alikuja Bulwa mfanyabiashara mmoja, akitangaza kuwa anunua santuri kwa shilingi 2,000 kila moja. Watu walishangaa kuona kifuniko cha mtungi kina thamani. Lakini mwenye kusoma ajua kuwa wakusanyaji wa ng'ambo hupenda sana santuri za fanki na za dansi zilizopigwa Afrika katika miaka ya 1970, nao hulipa bei ambazo mwenye sanduku kijijini hazisikii. Mfanyabiashara huyo hakuuliza wimbo wowote upigwe. Alisoma karatasi ya katikati, akatazama mikwaruzo kwa tochi, akatenga mafungu mawili.

Babu yule niliyemtaja alikuwa na santuri 18. Nilikwenda kwake mbio. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Najua ulilolijia." Nikamsihi asiuze. Alininyamazia kwa muda, kisha akasema, "Macho yangu yataka kupasuliwa mtoto wa jicho. Santuri hizi zilinipa furaha nilipokuwa kijana. Leo zanipa nauli ya kwenda hospitali. Je, zimekosa nini, nami nimekosa nini?"

Sikuwa na jibu, wala leo sina. Mali ni yake. Alizinunua kwa jasho la kuchuma chai, kilo kwa kilo. Mimi nisiye na shilingi siwezi kumwambia mzee asiyeona vizuri kwamba akae gizani kwa ajili ya utamaduni wa taifa. Wako watu wasemao kuwa santuri isitoke nchini kabisa, na sababu zao nazifahamu. Lakini asemaye hivyo na aje pia na nauli ya hospitali.

Nilimwomba jambo moja tu: amwambie mfanyabiashara arudi baada ya siku saba. Akakubali. Siku hizo saba nilizitumia hivi. Mjomba wangu anayo gramafoni ya betri, nami nilikuwa nimeipatia sindano mjini Tanga. Kila jioni nilipiga santuri mbili au tatu, pande zote mbili, na simu ikanasa sauti. Sauti hiyo si safi, maana ndani yake wasikika mvua juu ya bati na babu akikohoa, lakini ipo. Na kila santuri ilipokuwa ikizunguka, niliandika katika daftari maelezo yake: yaliyoandikwa kwenye karatasi, nambari iliyochorwa karibu na kati, ilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa sababu gani, na nani aliyekuwa akiicheza.

Siku ya sita tulifikia santuri iliyopasuka, ya bendi moja ya Tanga. Sindano iliruka kila mzunguko, tak, tak, tak. Nikataka kuiondoa. Babu akanizuia mkono, akasema, "Iache. Hayo manyanga usikiayo, anayepiga ni mdogo wangu." Akanitajia jina lake lote, na la baba yao, na mwaka alioondoka nyumbani kufuata bendi, na mji alikozikwa. Hakuna karatasi, kitabu wala simu yenye jina hilo. Lilikuwa katika kinywa cha mtu mmoja tu duniani. Sasa limo pia katika daftari langu, ukurasa wa 22, kwa wino.

Mfanyabiashara aliporudi alinunua santuri 16. Mbili alizikataa kwa kuwa zina nyufa, na moja ya hizo mbili ndiyo ile yenye manyanga. Babu amekwisha pasuliwa jicho moja, naye asema sasa aona mpaka majani ya chai ya upande wa pili wa bonde.

Ndiyo maana nasema kukusanya santuri si kurundika sahani. Mwenye sahani elfu asiyejua habari zake ana plastiki nyingi. Mwenye daftari, hata kama sahani zimekwenda ng'ambo, amebakiwa na kile ambacho mnunuzi hakukinunua kwa sababu hakujua kuwa kipo. Vyote viwili pamoja ni bora zaidi, lakini kama ni lazima kimoja kitangulie, kitangulie daftari, kwa kuwa sahani yaweza kungoja miaka hamsini sandukuni, na mzee hawezi.

Kwa wale watakaopenda kuanza, natoa mashauri machache niliyoyaona kuwa ya kweli. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana uzito huzipinda. Zisiwekwe juani wala karibu na meko. Santuri ya plastiki yenye kuvu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo sana na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfereji wala usiukate, na karatasi ya katikati isiguswe na maji. Kisha ikaushwe kivulini. Zile nzito za shelaki zisipakwe spiriti kamwe, maana spiriti huyeyusha shelaki. Na kabla ya hayo yote, muulize mwenyewe, ukae, umsikilize, uandike.

Nimemwomba mwalimu wa maktaba atupatie daftari moja kubwa lenye jalada gumu, nalo limekwisha wekwa kwenye rafu karibu na mlango. Likizo yaja. Wengi wetu tutapanda mabasi kwenda Lushoto, Korogwe, Muheza, Pangani na kwingineko, na karibu kila ukoo una mzee aliyepata kucheza dansi. Mwulize ni santuri gani alizokuwa nazo, na ni nani aliyempigia ngoma. Ukirudi, andika katika daftari lile, utie tarehe na jina la kijiji. Kurasa ni 200, na mpaka leo zilizojazwa ni 31.